Ibada Mbili, Mlango Mmoja

Babati, Jumapili ya Kwaresima, 1984. Asubuhi mawingu, mchana mvua, na sasa jioni jua limetoka kana kwamba siku nzima halikukosekana.

Nimechoka. Nimekasirika pia, na afadhali niseme mapema kuliko kujifanya naandika kwa utulivu. Naandika haraka kabla giza halijaingia, maana mafuta ya taa tuliyobakiwa nayo ni ya Eliya kusomea, siyo ya mama yake kulalamikia.

Leo tumeanza ibada mbili. Mpango ni wangu. Nauandika hapa waziwazi kwa sababu wiki nzima wazee wa kanisa walikuwa wakiuita "mpango wetu", na leo mchana, kila kitu kilipoharibika, nimewasikia wote wakisema "mpango wa Mwalimu".

Kanisa letu lilijengwa na watu wachache kwa ajili ya watu wachache. Sasa tumejaa. Watoto wanapakatwa wawili wawili, vijana wanakalia madirisha na kuziba hewa, wanaume wanasimama nyuma wameegemeana. Mwezi uliopita mama mmoja alizimia katikati ya Imani ya Mitume na hakuanguka, kwa sababu hapakuwa na pa kuangukia. Tulimgundua tulipokaa.

Kwa nini wamekuwa wengi hivi sijui. Wengine wanasema ni shida. Dukani hakuna sukari, hakuna sabuni, hakuna kibiriti, basi mtu anakwenda mahali ambapo milango iko wazi na hapangwi foleni. Wengine wanasema ni hawa wanaoteremka kutoka Mbulu kutafuta mashamba. Mchungaji anasema ni Roho Mtakatifu. Yote yanawezekana. Lakini Roho Mtakatifu hajaleta bati.

Tulianza kupanua. Ukuta wa upande wa nyuma ulifika kiunoni ukasimama hapo, kwa sababu saruji iliisha na nyingine haikupatikana. Mzee Bura, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, amefuatilia kibali cha saruji mpaka makarani wa ofisi ya vibali wanamwita babu. Kila akirudi mikono mitupu anatuambia tuzidi kuomba. Tumeomba. Mbuzi wa jirani wanalala ndani ya ukuta ule kila siku, na wao angalau wananyoosha miguu.

Ndipo Mchungaji akaniita. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kupanga watoto mistari, basi akanikabidhi mlango wa kanisa. Nikakubali. Nakiri nilifurahi.

Mpango ulikuwa rahisi hata mtoto wa darasa la pili angeuelewa. Watu wa mjini na Bagara, ambao wako karibu, wasali ibada ya kwanza, asubuhi na mapema. Watu wa Sigino na Bonga, ambao wanatembea, waje ibada ya pili saa nne. Wa kwanza wakimaliza watoke, wa pili waingie. Tulitangaza Jumapili mbili. Watu walitikisa vichwa kukubali.

Sasa kuna jambo la mikono.

Hapa kwetu ibada ikiisha hatutawanyiki ovyo. Tunatoka tukiimba. Anayetangulia anasimama nje karibu na mlango, anayefuata anampa mkono kisha anasimama kando yake, wa tatu anawapa mkono hao wawili, na hivyo hivyo, mstari unazunguka uwanja mpaka kila mtu ameshika mkono wa kila mtu. Wakati tulipokuwa wachache lilikuwa jambo la ubeti mmoja wa wimbo. Siku hizi wimbo unarudiwa mpaka kwaya inakauka koo. Nikaona kwamba tukifanya hivyo mara mbili, ibada ya pili itaanza watu wanasikia njaa ya mchana.

Nikaufuta mstari wa asubuhi. Nikapanga kwamba watu wa ibada ya pili watashikana mikono kwa niaba ya wote.

Kwa niaba ya wote! Na nilijiona nina akili.

Ibada ya kwanza ilikwenda vizuri ajabu. Watu walikaa wakijinyoosha. Divai ilikuwa imepatikana baada ya kukosekana tangu kabla ya Krismasi, kwa hiyo Mchungaji alikuwa ameigawa iwatoshe wote, na hawa wa asubuhi walishiriki Meza ya Bwana taratibu, bila mtu kumkanyaga mwenzake. Mchungaji akatoa baraka. Mimi nikafungua mlango wazi kabisa, nikasimama pembeni, nikatabasamu.

Hakuna aliyeinuka.

Nikadhani wanaomba kimya. Nikangoja. Mtoto mmoja akakohoa. Wakaendelea kukaa. Nikamwendea Mama Anjelina, kiongozi wa akina mama wa Bagara, mwanamke ambaye akisimama wote wanasimama, nikamnong'oneza kwamba sasa wanaweza kutoka.

"Mwalimu, tutatokaje na ibada haijaisha?"

"Imeisha, Mama Anjelina. Mchungaji ametoa baraka."

"Baraka tumepokea. Mikono bado." Akavuta kanga yake vizuri, akafungua kitabu cha nyimbo. "Si mlisema mikono ni ya pamoja mwishoni? Basi tunawangoja wenzetu."

Nilimweleza. Nilieleza kwa sauti ndogo, kisha ya kati, kisha ile ya darasani. Nikasema wanaweza kwenda nyumbani, wapike, walale, wafanye lolote. Wakanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyechanganyikiwa kidogo kwa sababu ya kazi nyingi. Kwamba mtu aondoke kanisani hajampa mwenzake mkono! Bibi mmoja nyuma yangu akasema wanaoondoka hivyo ni wenye ugomvi, na yeye hana ugomvi na mtu.

Nikamtafuta Mzee Bura anisaidie. Nilimkuta kakaa upande wa wanaume, kofia magotini.

"Mwalimu," akasema, "hata mimi sijashika mkono wa mtu."

Nilitaka kulia. Mchungaji alikuwa ameingia sakristia kula kiazi chake kabla ya kuhubiri tena, na mimi sikutaka kwenda kumwambia kwamba mpango wangu umekaa kwenye mabenchi na umekataa kutoka. Afadhali ningekwenda. Kama ningekwenda wakati ule, akasimama madhabahuni na kuwaambia watoke wakashikane mikono basi, wangetoka wote wakiimba, na mambo mengine yasingetokea. Sikwenda kwa sababu ya kiburi tu.

Saa nne ikakaribia na watu wa Sigino na Bonga wakaanza kufika. Walikuja kama wanavyokuja siku zote, viatu mkononi ili visiliwe na njia. Wakanawa miguu mtaroni, wakavaa, wakaja mlangoni wamependeza. Wakakuta kanisa limejaa.

Kwa hiyo baada ya Jumapili mbili za matangazo, vikao, maombi na akili za Mwalimu, leo kanisa letu lilikuwa na msongamano ambao halijawahi kuuona tangu lijengwe.

Sasa nifike pale ambapo sitaki kufika.

Mama mzaa Baba Eliya, yaani mama mkwe wangu, anakaa Sigino. Alipokuwa na nguvu alibeba mawe ya msingi wa kanisa hili kichwani. Ana mahali pake, benchi la tatu upande wa wanawake, karibu na ukuta, kwa sababu mgongo unamsumbua na pale anaegemea. Tangu mwisho wa mwaka jana alikuwa mgonjwa, hakuja, na hata angekuja divai haikuwepo. Wiki hii alipata nafuu. Jumatano nilimtumia ujumbe kwa mtu aliyekuja mnadani: Mama, njoo ibada ya pili, Meza ya Bwana ipo, na safari hii nafasi itakuwepo, nakuahidi.

Mimi ndiye niliyeahidi.

Pale mlangoni watu walisukumana. Walio nyuma hawakuona kwamba ndani kumejaa, wakasukuma walio mbele. Mtoto akapiga kelele amebanwa. Nikaogopa, na mimi nikiogopa nakuwa mkali. Nikanyoosha mikono miwili nikapaza sauti: "Watu wa Sigino, rudini nje! Nje nyote!" Nikasukuma.

Kiganja changu kilikuwa kifuani mwa mama mkwe wangu.

Hata kuandika naona aibu. Mkono wa mkwe kifuani mwa mama mkwe, unamsukuma, mbele ya kanisa. Alikuwa amejifunga kanga yake mpya ile ambayo huivaa kwa nadra. Alinitazama. Nikamtambua vizuri kabisa, hakuna giza pale mlangoni.

Ningeweza kumvuta ndani. Kwenye benchi la tatu alikuwa amekaa Mama Anjelina mwenyewe, ningemwinua kwa nguvu na asingeweza kunifanya kitu. Lakini nyuma yake nilisikia mwanamke wa Bonga akisema, "Tuone sasa kama mkwewe naye atakaa nje." Wote wakasubiri.

Nikasema, "Hakuna nafasi."

Sikusema hata "Mama".

Akageuka akatoka. Na walio nyuma yake, walipoona hata yeye ametoka, wakatoka. Mlango ukapumua. Kwa dakika chache, Mungu anisamehe, nilijisifu kwamba nimetenda haki bila upendeleo.

Kisha mvua ikanyesha. Mvua tunayoiombea tangu mahindi yaanze kunyauka, ikachagua kuja wakati wa mahubiri. Huwezi hata kuilaumu. Ndani watu waliipigia makofi, nje watu walijibana chini ya ukingo wa bati. Kupitia dirishani, katikati ya migongo ya vijana, nilimwona Mama ameivuta kanga kichwani, akisikiliza.

Ikafika Meza ya Bwana. Njia ya katikati ilikuwa imezibwa na watoto na hawa wa ibada ya kwanza ambao hawakuwa na cha kupokea tena na hawakuwa na pa kujisogeza. Walio nje hawakuweza kuingia. Mchungaji akajaribu kuwafuata na kikombe. Akafika katikati ya kanisa, akakwama, akakiinua kikombe juu ya vichwa kisimwagike, akasimama pale anatazama mlango kama mtu aliyefika mtoni na mto umejaa. Kisha akarudi nyuma polepole.

Walio nje hawakupata.

Namfahamu Mama, hawezi kwenda nyumbani na kinyongo. Nikajiambia tutakutana kwenye mstari wa mikono. Nitaishika mikono yake yote miwili, nitapiga goti, nitamwomba Mchungaji ampe faragha sakristia. Hilo lilinituliza kidogo. Nilisimama wa kwanza kabisa nje ya mlango ili kila mtu apite kwangu.

Mstari ukazunguka kanisa, ukazunguka ule ukuta wa kiunoni, mbuzi wakakimbia. Watu wa Bagara waliupenda. Mama Anjelina alinitikisa mkono mpaka bega. "Umeona, Mwalimu? Sasa ndiyo ibada imeisha." Nikashika mikono ya wazee, ya vijana, ya watoto yenye makamasi. Kila mkono nilioushika haukuwa wake. Wa Bonga walikuja wachache. Wa Sigino hakuja hata mmoja.

Wameondoka kabla ya mikono. Tangu niolewe mjini hapa sijawahi kuona hilo likifanyika.

Baba Eliya yeye alikuwa kwaya, sauti ya nne, mbele kabisa, hakuona lolote. Aliambiwa njiani. Nyumbani alikaa, akavua viatu, akaviweka sawasawa. Angenigombeza ningejibu. Mwishowe akasema, "Nenda wewe. Mimi nikienda nitaonekana nimekuja kukuombea msamaha."

Nikaenda. Mvua ilikuwa imekatika. Barabara ilikuwa tupu, hao wachache wenye petroli nao Jumapili alasiri hawaruhusiwi kuendesha. Njia nzima nilipanga maneno. Nilikuwa na maelezo mazuri sana kuhusu haki, kuhusu msongamano, kuhusu mtoto aliyebanwa.

Nilimkuta uani anapukuchua maharage na wanawake wawili majirani. Kanga mpya ilikuwa imeanikwa kwenye kamba.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akaagiza niletewe kigoda. Majirani wakaaga mara moja, wakapita bila kunitazama usoni.

Maelezo yote yakapotea. Nikasema, "Mama, nisamehe. Sikukuona."

"Uliniona."

Hakusema kwa hasira. Aliendelea na maharage yake.

"Uliniona, Mama Eliya. Ukawaona na wale wanaokutazama, ukawachagua wao. Usiseme hukuniona, macho yangu ni mabovu lakini yako ni mazima."

Nikalia, basi. Mwalimu mzima. Aliniacha nilie. Kisha akaniambia habari ambayo bado inanizunguka kichwani. Pale chini ya ukingo wa bati, wakati wa mvua, watu wa Sigino walikubaliana. Hawatashuka tena mjini. Jumapili ijayo watasali hapo hapo uani kwake, chini ya turubai la kukaushia mahindi, na watamwomba mwinjilisti awe anapita akipata nafasi.

"Na Meza ya Bwana?" nikamuuliza. "Mama, Mchungaji hana petroli ya pikipiki. Mnaweza kukaa mpaka mwaka uishe."

"Leo niliifuata mpaka mlangoni," akasema. "Sasa mwenye Meza anajua njia ya Sigino."

Akaniletea uji. Nikanywa. Nilipoinuka kwenda kuosha kikombe, kama ninavyofanya siku zote pale, pale ambapo nimekata kuni na kuchota maji na kuogeshea mtoto wangu wa kwanza, akakichukua mkononi mwangu.

"Acha. Mgeni haoshi."

Nilidhani nimesikia vibaya. Kisha nilipoaga akajifunga kanga, akanisindikiza mpaka mwisho wa shamba. Miaka yote hajawahi kunisindikiza. Huwa ananitwisha kitu kichwani, maboga au majani ya kunde, ananiambia nisichelewe njiani, anarudi kwenye kazi zake. Leo alitembea na mimi polepole na mgongo wake mbovu, akaniuliza habari za shule, akanitakia safari njema kwa heshima zote. Na mikononi sikuwa na kitu.

Nimerudi nimepita kwa Mchungaji kumpa taarifa. Ni mtu mwema, alihuzunika kweli kuhusu Mama. Akasema atajaribu kutafuta hata lita moja ya petroli. Lakini akafikiri kidogo, na nikaona uso wake unafunguka, akasema kwamba kwa kweli Sigino kuwa na mahali pao ni baraka, kwamba tungefanya hivyo mapema, na kwamba Jumapili ijayo hatimaye tutakuwa na nafasi. Mzee Bura aliyekuwa amekaa pale akasema sifa apewe Mwalimu.

Nilitaka kumrushia kiti.

Nafasi itakuwepo. Benchi la tatu, karibu na ukuta, litakuwa wazi, na mlango utafungika, na watu wa ibada ya kwanza watashikana mikono na kwenda nyumbani. Kila nililolitaka nimelipata. Nimekaa hapa na hasira zangu na sijui nimkasirikie nani isipokuwa huyu anayeandika.

Baba Eliya ameingia sasa hivi, ameuliza nimekuta nini huko. Nimemwambia mama yake hajambo, amenipa uji. Nimeshindwa kumwambia kuhusu kikombe.

Mwanga umekwisha, mistari sioni vizuri. Nimeamua jambo moja. Jumapili ijayo Mzee Bura ashike mlango, si anapenda sifa. Mimi nitaamka mapema nipande Sigino, nifike uani pale kabla turubai halijafungwa, nishike fagio bila kuuliza. Wakianza ibada nitakaa watakaponionyesha. Wakiniambia hakuna nafasi, nitakaa nje.